Kamani ya Eibar

Fomu ina kurasa nyingi kuliko bunduki alizounda mwaka huu.
Bunduki ni tisa. Nimezihesabu mara mbili.

Naijaza jikoni, baina ya chupa ya siki
na sahani ya mifupa ya kondoo aliyoisahau baba.
Nje, theluji inaufunika mji wa Elko bila kuomba kibali.

Jina la kiwanda: Urrutia na Binti.
Kiwanda! Ni banda la gari
lenye mashine moja ya kukerezea, ya mnada wa shule,
tupa arobaini zilizolazwa kwa ukubwa wao,
na redio isiyojua ila bei ya ng'ombe.
Idadi ya wafanyakazi: mmoja,
na magoti yake mabovu.

"Andika kwamba sisafirishi," anasema toka mlangoni,
mafuta ya mashine yamempanda hadi viwikoni.
"Sijapeleka ng'ambo hata msumari.
Wateja wangu nawajua mpaka majina ya mbwa wao."

Baba, sheria haikuulizi unapeleka wapi.
Inakuuliza kama unaunda.
Aundaye na ajisajili, akiuza bahari ya saba
au akimuuzia jirani wa ukuta mmoja.
Na ada haitazami banda.
Bunduki mbili katika hizo tisa
zimezaliwa ili kulipia ruhusa ya zile saba.

Hajibu. Anavaa kofia.

Lakini sheria siikatai, nisieleweke vibaya.
Nilipokuwa muuguzi kule Reno
nilimshika mkono kijana hadi mkono ukapoa.
Bunduki iliyompiga ilikwanguliwa nambari;
hakuna aliyejua ilitoka benchi la nani.
Tangu usiku ule napenda nambari.
Napenda chuma kiwe na ukoo.

Ila kuna hii kamani.

Binamu yake Itziar, kule Eibar,
ana bunduki ya marehemu ukutani, imevunjika kamani.
Fundi wa mwisho aliyemjua amezikwa.
Aliandika: Bittor, nisaidie.
Baba akaikata usiku mmoja, ndogo kama ukucha wa mtoto,
akaitia bahashani, akalamba stempu,
nami nikamnyang'anya.

"Ukucha huu?"
Ukucha huo, baba. Subiri niulize.

"Basi nitamwelekeza kwa simu, atafute kijana wa huko."
Akapiga. Akaanza kwa Kibaski, sauti ya kanisani:
ipashe feleji moto pole pole, ije rangi ya nyasi kavu,
usiitoe, pita hudhurungi, pita zambarau,
ngoja ile samawati...

Nikafunika simu kwa kiganja.
Maelezo nayo huvuka mpaka, nikamwambia.
Sikuwa na hakika kama hayo yamo.
Ukurasa ule nimeusoma mara tatu, na kila mara
unafunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi nusu.

Alinitazama kama mtu aliyedaiwa nauli sebuleni kwake.
"Babu yako alivuka na haya yote kichwani.
Karani wa bandarini alimuuliza habari za tumbaku tu."

Nikaondoa kiganja. Nikarudi kwenye fomu,
sehemu ya sahihi, ya mtu mwenye mamlaka
anayethibitisha kwamba yote yaliyotajwa ni kweli.

Nyuma yangu akakohoa, akauliza habari za mvua.
Akauliza bei ya mkate.
Kisha, taratibu mno, akauliza
kama njiwa bado wanalala kwenye mnara wa kanisa,
na kama Itziar anazikumbuka shingo zao,
zinavyogeuka juani, rangi baada ya rangi,
na ni ipi hasa aliyokuwa akiipenda.

Kimya. Theluji. Halafu baba akacheka:
"Hiyo hiyo. Hapo hapo, usingoje zaidi."

Kalamu iko juu ya mstari.
Wino wake, sasa naona, ni samawati.